Kompyuta saba, jina moja: folda ya Machi ilikwenda wapi?

*"Habari za kazi. Nina ofisi ndogo ya uwakala wa forodha Kurasini. Tuna kompyuta saba zilizounganishwa kwa swichi moja ya mtandao, na mafaili yote ya wateja yako kwenye kompyuta ya mhasibu. Tangu tuanze, kompyuta zote zinafunguka kwa jina moja, OFISI, na pasiwedi moja ambayo kila mtu anaijua. Wiki mbili zilizopita folda ya mizigo ya mwezi Machi imepotea. Kwenye kapu la taka haimo, na kila ninayemuuliza anasema si yeye. Kuna kijana aliacha kazi Februari, nimeanza kumshuku. Juzi nimenunua kompyuta mpya, hii ya saba, yenye Windows 11, nayo imegoma kabisa kufungua mafaili ya kwa mhasibu. Fundi anasema nimruhusu azime ulinzi ndiyo itakubali. Mwingine ananiambia ninunue seva. Nibadilishe pasiwedi tu, au nifanye nini?"*

Pole sana dada yangu. Umeuliza maswali manne kwa pamoja na nitayajibu yote, lakini kabla ya kugusa pasiwedi wala akaunti, tuitafute kwanza hiyo folda.

Kaa kwenye kompyuta ya mhasibu yenyewe, usitumie nyingine. Fungua diski yote yenye mafaili ya ofisi, na kwenye sehemu ya kutafutia andika jina la faili moja unalokumbuka lilikuwa ndani ya Machi: namba ya kontena, au jina la mteja. Nasema hivi kwa sababu folda nyingi nilizoitwa kuja kuzitafuta hazikufutwa na mtu. Zilivutwa. Mtu anabofya folda, kidole kinateleza kwenye mausi, anaiachia juu ya folda ya jirani, na mara moja imeingia ndani ya hiyo nyingine bila kelele yoyote. Ofisi moja hapa mjini walifikia hatua ya kuandikiana barua za kujieleza kwa sababu ya folda ya mishahara; tukaja kuikuta ndani ya folda ya picha za harusi ya katibu muhtasi.

Usipoipata, bofya kulia kwenye folda kuu iliyokuwa imebeba ya Machi, uangalie kama Windows imehifadhi matoleo ya zamani. Hayo kwa kawaida hupatikana kama kinga ya mfumo iliwashwa kwenye diski hiyo, na mara nyingi haijawashwa, lakini kuangalia hakugharimu kitu. Ikishindikana hapo pia, kompyuta hiyo ipumzike. Msiendelee kuandika mafaili mapya ndani yake. Kama ina diski ya zamani ya kuzunguka, faili lililofutwa hubaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, kwa hiyo bado kuna tumaini. Kama ni SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka, tumaini ni dogo, maana SSD hujisafisha yenyewe muda mfupi baada ya kufuta.

Sasa hilo la kapu la taka. Kutoiona folda humo si dalili ya hila. Faili likifutwa na mtu aliyekaa kwenye kompyuta yenyewe, linakwenda kwenye kapu. Likifutwa kutoka kompyuta nyingine kupitia mtandao wa ofisi, haliendi kwenye kapu la upande wowote, linaondoka moja kwa moja. Windows humuuliza mtu kama ana uhakika, naye, kama sote tunavyofanya, anabonyeza "ndiyo" bila kusoma.

Kuhusu huyo kijana, naomba usimseme bado. Hata ungeniita leo nije nipekue kumbukumbu za kompyuta ya mhasibu, pale zilipo ningekuta zimeandika kwamba OFISI iliingia saa tatu asubuhi, OFISI iliingia saa tano, OFISI iliingia saa tisa. Ni kama daftari la mahudhurio ambalo watu wote saba wanasaini "Mfanyakazi". Ushahidi wa kumtia mtu hatiani haupo, na wa kumsafisha pia haupo. Hilo la pili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu hao sita uliobaki nao wanaishi chini ya tuhuma ambayo hawana namna ya kujitoa.

Watu wengi hudhani akaunti ni mlango, na nywila, yaani hiyo pasiwedi, ni ufunguo wake. Lakini kazi ya kwanza ya akaunti ni kujibu swali "nani?". Ukifungua dirisha la amri (Command Prompt) kwenye kompyuta yoyote yenye Windows ukaandika `whoami /user`, utaona namba ndefu inayoanza na S-1-5-21 na kuishia na tarakimu kama 1001 au 1002. Kompyuta inamjua mtu kwa namba hiyo. Jina ni la kutusomea sisi tu. Ruhusa ya kila folda huandikwa dhidi ya namba: namba hii isome, namba ile isome na kuandika, namba nyingine isiguse kabisa. Mnapokuwa wote mna jina moja, hakuna ruhusa unayoweza kumpa mhasibu bila kumpa na kijana wa kupeleka nyaraka bandarini.

Jambo la pili ambalo hata mafundi wengine hawalielezi vizuri: katika ofisi kama yako isiyo na seva, yaani kompyuta kuu ya kuzihudumia nyingine, kila kompyuta ina daftari lake la watu. Ile ya mhasibu haijui kabisa nani amesajiliwa kwenye yako. Unapofungua folda yake kutoka kwako, kompyuta yako inapeleka jina lako na uthibitisho wa nywila yako, na ya mhasibu inatazama daftari lake: ninaye mtu wa jina hili, mwenye nywila hii? Vikilingana, unapita kimya kimya. Visipolingana, unaulizwa, au unakataliwa.

Hapo ndipo kompyuta mpya ilipokwama. Zile nyingine zinapita kwa sababu zote zinajiita OFISI. Hii mpya, nadhani, uliiwasha kwa barua pepe yako kama Windows 11 inavyolazimisha, kwa hiyo inajitambulisha kwa jina ambalo kompyuta ya mhasibu haijawahi kulisikia. Na kama zamani kompyuta yoyote ngeni ilikuwa inaingia tu ikichomekwa kwenye swichi, basi karibu nina uhakika fundi aliwahi kuzima sharti la nywila kwenye folda mnazoshea, ili asiyejulikana apokelewe kama mgeni. Mafundi hulizima mara nyingi ili kukwepa usumbufu: Windows kwa kawaida hairuhusu akaunti isiyo na nywila ipite kwenye mtandao, na badala ya kuweka nywila, wanaondoa sharti. Tangu toleo la 24H2 lililotoka mwaka 2024, Windows 11 Pro hukataa kuingia kokote kwa njia hiyo ya ugeni. Ujumbe unaotokea husema sera za usalama za taasisi yako zinazuia wageni wasiojitambulisha. Mteja wangu mmoja aliniuliza kwa hasira, "Taasisi gani, wakati ofisi ni yangu?"

Kwa hiyo kompyuta yako mpya si mbovu. Ndiyo pekee ofisini iliyokwambia ukweli. Fundi anaposema "tuzime ulinzi", maana yake tuirudishe iwe kama zile sita.

Na hapa ndipo lilipo jibu la swali lako la nywila. Ukibadilisha nywila ya OFISI leo, huku folda zikiwa bado zinapokea wageni, hujafunga kitu. Anayekaa kwenye Wi-Fi yako, awe mteja anayesubiri hati zake au jirani wa ghorofa ya juu aliyewahi kupewa namba ya Wi-Fi, anaweza kuzifikia folda za wateja bila kuulizwa jina. Hilo lirekebishwe kabla ya lingine lolote. Ruta nyingi zina sehemu ya kuwasha Wi-Fi ya pili kwa ajili ya wageni, isiyogusa kompyuta za ndani. Iwashe, na ile ya kwanza ibadilishwe nywila. Pamoja na hilo, badilisheni ile nywila ya kuingilia kwenye ruta yenyewe, ambayo naweka dau bado ni ile iliyotoka nayo kiwandani.

Sasa ujenzi wenyewe. Ni kazi ya Jumamosi moja.

Kwenye kompyuta ya mhasibu, fungua akaunti kwa jina la kila mtu: neema, juma, na wengineo, herufi ndogo, bila nafasi. Jina lilelile na nywila ileile iwe kwenye kompyuta anayotumia mtu huyo. Akaunti ziwe za ndani ya kompyuta, si za barua pepe, ili majina yalingane. Waelezeni watu pia kwamba ile PIN ya tarakimu chache ya kufungulia kompyuta haivuki mtandao. Inafanya kazi kwenye mashine ile tu. Nimeona mtu akiingiza PIN mara kumi kwenye kisanduku cha mtandao huku akiapa kwamba ni sahihi, na kweli ilikuwa sahihi, ila mahali pake si pale.

Halafu washa tena sharti la nywila, na ugawe watu kwa makundi: uhasibu, nyaraka, uongozi. Toa ruhusa kwa kundi, usitoe kwa mtu mmoja mmoja, la sivyo baada ya mwaka hutakumbuka ulimpa nani nini. Utakutana na sehemu mbili za ruhusa kwenye folda, moja ya kushea na nyingine ya usalama wa folda yenyewe, na watu huchanganyikiwa hapa. Anayekuja kwa mtandao hupimwa na zote mbili, na ile iliyobana zaidi ndiyo inayoshinda. Mimi huacha ya kushea iwe pana kwa watu waliojitambulisha, kisha nabana kwenye ya usalama. Hivyo nikija kutafuta tatizo, natafuta sehemu moja.

Najua utataka kufanya nini baada ya hapo: kuwaruhusu watu waandike lakini wasiweze kufuta. Kila bosi huniomba hilo. Lina kasoro moja kubwa. Word na Excel, unapohifadhi, haziandiki juu ya faili lako la zamani. Zinaandika faili jipya la muda pembeni, zinalibadilisha jina, na kuliondoa lile la kwanza. Ukimnyima mtu ruhusa ya kufuta, umemnyima kuhifadhi, na folda itajaa vifaili vya ajabu vyenye majina ya herufi na namba. Kinachofanya kazi ni hiki: mwezi ukifungwa, folda yake ihamishiwe kwenye kabati la kumbukumbu, yaani folda ya pembeni ambayo watu wote wanasoma tu, na wewe peke yako unaandika. Machi ikishafungwa, isiweze kuvutwa wala kufutwa na mtu yeyote, awe na nia au asiwe nayo. Zaidi ya hapo, mwambie fundi awashe ukaguzi wa ufutaji kwenye folda kuu. Windows haiufanyi mpaka uombwe, na ukiwashwa huandika jina la aliyefuta na saa yenyewe. Sasa jina litakuwa na maana.

Akaunti za wafanyakazi zote ziwe za kawaida. Ya msimamizi iwe moja tu kwa kila kompyuta, isitumike kwa kazi za kila siku, na nywila yake iandikwe kwenye karatasi, iwekwe kwenye bahasha, ifungiwe ndani ya sefu. Ndiyo, karatasi! Mwizi wa mtandaoni hafungui sefu ya Kurasini. Hapa fundi atakwambia programu ya uhasibu haifanyi kazi mpaka mtu awe msimamizi. Usikubali haraka. Programu za zamani huandika data zao ndani ya folda ya programu zenyewe, mahali ambapo mtu wa kawaida hana ruhusa ya kuandika. Dawa yake ni kulipa kundi la uhasibu ruhusa ya kuandika kwenye folda ile moja ya data. Kumpa mhasibu usimamizi wa kompyuta nzima kwa ajili ya folda moja ni hatari, kwa sababu kirusi chochote atakachofungua bila kujua kitarithi madaraka yake yote. Mei 2017, WannaCry, kirusi cha kufungia mafaili, iliporuka kutoka kompyuta hadi kompyuta duniani, ilipitia hitilafu ya mfumo uleule wa kushea mafaili, na Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka chake Machi mwaka huohuo. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka.

Nywila zenyewe zisiwe mateso. Ile desturi ya kulazimisha watu wabadilishe kila mwezi, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliacha kuipendekeza mwaka 2017, kwa sababu watu hubadilisha Ofisi1 kuwa Ofisi2 na mambo yanaendelea. Urefu ndio unaosaidia. Maneno manne yasiyohusiana, kama sufuria, kivuko, mbayuwayu, risiti, yakiunganishwa ni magumu kubahatisha na mepesi kukumbuka. Methali isitumike, maana kila mtu anazijua. Na ile tabia ya kutajiana nywila kwa sauti ofisini ikome. Nilikuwa ofisi moja nasubiri kulipwa, dada wa mapokezi akauliza "Jamani pasiwedi gani?", wakaitikia watatu kwa pamoja kama kibwagizo, na wateja wanne tumekaa pale kwenye benchi.

Seva usinunue sasa. Windows ya kawaida inaweza kuhudumia miunganisho ishirini kwa wakati mmoja, na wewe una mashine saba. Seva yenye daftari moja la watu wote ni raha, kwa kuwa unamfungia mtu mahali pamoja badala ya saba, lakini inataka leseni, inataka mtu wa kuitunza, na kompyuta zote ziwe Windows Pro, maana toleo la Home haliwezi kujiunga nayo. Mkifika watu kumi na tano hivi, nitafute tuzungumze tena. Kwa sasa, kama una hela kidogo, kisanduku cha diski cha mtandao wa ofisi, wenyewe wanaita NAS, kitakusaidia zaidi. Kina akaunti zake, na vingi vina kapu la taka la mtandao, lile mlilolikosa mwezi huu. Lakini kisikae bila UPS, ile betri ya akiba ya umeme. Umeme ukikatika kinapoandika, hasara yake unaijua.

Kama zile sita za zamani bado ni Windows 10, msaada wake wa kawaida wa usalama uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo anza kupanga kuzibadilisha. Ukienda Kariakoo kununua za mtumba, uliza prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Intel za kizazi cha nane kwenda juu ndizo Windows 11 inazozikubali rasmi, na bei ya kizazi cha sita huwa inavutia kwa sababu hiyohiyo. Tena kataa Windows iliyokrakiwa, yaani iliyofunguliwa bila leseni halali. Kifaa cha kukrakia kwa kawaida hudai kinga ya virusi izimwe kwanza, na hakuna anayekumbuka kuiwasha baadaye.

Bakapu, yaani nakala za akiba: diski mbili za nje, zikipishana wiki kwa wiki, moja ikiwa nyumbani kwako. Inayobaki imechomekwa siku zote haihesabiki, kwa sababu virusi vya kufungia mafaili huifungia na yenyewe. Kompyuta za kupakata ziwekewe BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski nzima isisomeke bila ufunguo. Nywila ya Windows haimzuii mwizi kuchomoa diski na kuisoma kwenye mashine nyingine.

Mtu akiondoka kazini, akaunti yake izimwe siku hiyohiyo, isifutwe. Kumbuka ile namba ya S-1-5-21. Ukiifuta akaunti na kesho ukafungua nyingine kwa jina lilelile, namba ni mpya, na kwa kompyuta huyo ni mtu mwingine kabisa. Kwa huyu aliyeondoka Februari, angalieni pia kama kuna programu ya kuingilia kompyuta kwa mbali, mfano AnyDesk au TeamViewer, iliyoachwa imewashwa na nywila ya kudumu. Na ile barua pepe ya ofisi mnayotumia wote, ibadilishwe nywila na iwekewe uthibitisho wa hatua mbili. Katika biashara yako, anayesoma barua pepe kimya kimya ili siku moja abadilishe namba ya akaunti ya benki kwenye ankara ananitisha kuliko anayefuta folda.

Yote haya fundi mzuri anaweza kuyafanya akiwa na maelezo haya mkononi. Lakini yako mambo ya kutojaribu wenyewe. Mkikuta mafaili yamebadilika majina na kuna ujumbe wa kudai fedha, chomoeni nyaya za mtandao, msifomati chochote, mwiteni mtaalamu. Diski ikianza kutoa sauti ya kugongagonga, izimeni. Na kama baada ya kutafuta utapata kitu cha kweli dhidi ya mtu, mfano aliingia kwa mbali baada ya kuacha kazi, usiitishe kikao cha ofisi. Iache kompyuta kama ilivyo, uende polisi. Kuingia kwenye mfumo wa mwenzio bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na upekuzi wa fundi huharibu ushahidi. Mwanasheria wako naye muulize kuhusu usajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, maana unatunza taarifa za wateja, na Sheria ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Ila anza na ile namba ya kontena kwenye kisanduku cha kutafutia. Nifahamishe umeikuta ndani ya folda gani.